Laini ya Oman ilipokufa, tovuti ya mteja ikafa nayo

Simu iliingia saa mbili usiku, mwezi wa Desemba, msimu wa wageni. Alikuwa mteja wetu wa kwanza aliyetulipa, mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Pangani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Hamjambo huko? Hebu niambieni, ile tovuti yangu imekwenda wapi? Mgeni kanipigia toka Arusha, anasema akifungua anaona ukurasa mweupe."

Tukamwambia asiwe na wasiwasi, atupe dakika kumi. Zile dakika kumi zikawa siku 19.

Kilichotokea ni hiki. Tovuti ile tuliijenga tukiwa Muscat, na malipo ya mwaka tuliyalipia kwa kadi ya benki ya mmoja wetu, ile ya kuingiziwa mshahara. Mkataba ulipoisha akarudi Tanga, akaunti ikafungwa, kadi ikafa. Mwaka ulipozunguka, jukwaa likajaribu kukata hela, likakosa. Likatuma onyo kwenye barua pepe. Na barua pepe ile, kila ukitaka kuiingia kwa simu mpya, inatuma namba ya uthibitisho kwenye laini ya Oman, ambayo nayo ilikuwa imeshakufa siku nyingi kwa kukosa salio. Yaani mlango una kufuli mbili, na funguo zote mbili tumeziacha Muscat.

Tunaandika haya kwa sababu kila wiki tunaulizwa na wenzetu wa kazi za ndani na wa saiti: "Hivi kweli mtu anaweza kutengeneza tovuti na matangazo kwa simu tu, bila kusomea kompyuta, akapata hela?" Jibu ni ndiyo, inawezekana. Ila kazi yenyewe ndiyo sehemu rahisi. Hela inapotelea pengine, na hapo pengine ndipo tunapotaka kukaa leo.

Sisi ni nani

Tulianza watatu. Wawili tulikuwa kazi za ndani, mmoja fundi wa plasta, na tulikuwa tukikutana Ijumaa zile chache za mapumziko pale baharini Mutrah. Leo mmoja yuko Tanga, mmoja yuko Leicester kwa mumewe na ana ukaazi wa kudumu, na fundi wetu amehamia Doha kwenye ujenzi. Kazi bado tunaifanya pamoja kwa WhatsApp, lakini si wote tunaoruhusiwa kupokea malipo. Hilo tutalieleza mbele kidogo, na tafadhali usilivuke.

Zana zenyewe ni zipi

Mtandaoni wanaziita "no-code", maana yake unajenga bila kuandika ule msimbo wa kompyuta. Dada mmoja alipotusikia tukitamka "nokodi" akadhani ni zana zisizokatwa kodi. Hapana dada, kodi iko palepale.

Kwa watu wa saiti tunaeleza hivi: zamani ukitaka nyumba ulianza kwa kuchimba udongo na kufyatua tofali mwenyewe. Sasa tofali zimeshafyatuliwa, zimepangwa, wewe unachagua na kupanga ukuta. Ukuta ukipinda umepinda kwa mkono wako, si kwa kosa la tofali.

Hizi ndizo tulizozitumia, na kazi tuliyozitumia:

Canva, ya Australia, iliyoanza mwaka 2013. Hii ni ya kadi za harusi, mabango, menyu, matangazo ya duka, nembo za kuanzia. Inafanya kazi vizuri kwenye simu, na toleo la bure linatosha kabisa kuanzia.

Google Sites na Carrd. Hizi ni za tovuti ndogo. Google Sites ni bure ukiwa na akaunti ya Google. Carrd ni ya tovuti za ukurasa mmoja, na ukitaka kuweka jina lako la mtandao unalipa kwa mwaka, si kwa mwezi.

Wix na WordPress.com. Tovuti kubwa kidogo, zenye kurasa nyingi. Ukitumia Wix bure, matangazo yao yanakaa kwenye tovuti ya mteja wako, na wateja wengi hawapendi.

Glide na AppSheet. Hizi zinachukua jedwali, lile la kuorodhesha bidhaa na bei, zinaligeuza kuwa programu ya simu. Duka la vipuri likitaka kujua kilichobaki stoo, hizi zinafaa.

Webflow na Bubble. Ni zana nzuri na zenye nguvu, lakini zinataka kompyuta na muda wa kujifunza. Ukiwa unapata saa moja usiku baada ya kuosha vyombo vya watu wanane, usianzie huko.

Na kuna vitu viwili vya bure ambavyo mara nyingi mteja anavihitaji kuliko tovuti: WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, ambayo mtu anapanga bidhaa na bei zake humohumo, na kuandikisha biashara kwenye ramani ya Google. Mara mbili tumewahi kumwambia mteja, "Mama, tovuti huihitaji, ngoja tukuweke kwenye ramani." Tulipata hela ndogo siku ile. Mmoja wao ametuletea wateja watatu baadaye.

Mteja analipia nini hasa

Swali hili lilitusumbua. Kama zana ni bure na kila mtu anayo, kwa nini mtu atulipe?

Tuliielewa kwa tovuti ileile ya Pangani. Mara ya kwanza tulijenga kurasa saba, picha zinazojisogeza zenyewe, muziki wa taarab ukifungua. Sisi tukaona tumemaliza. Kumbe mgeni aliye njiani, bando limebaki kidogo, mtandao unakatika, anasubiri mpaka anachoka na kupiga nyumba nyingine.

Ilipozimika na tukalazimika kuijenga upya, tulikaa kwenye simu na yule mama saa nzima, tukimuuliza tu. Wageni wakipiga simu wanauliza nini kwanza? Akasema: bei, vyumba vikoje, nafika vipi, na kama kuna maji na umeme muda wote. Basi. Tukatengeneza ukurasa mmoja: picha sita zilizopunguzwa uzito, bei, ramani, sentensi moja ya maji na jenereta, na kitufe kikubwa cha WhatsApp. Zana haikuuliza yale maswali, tuliyauliza sisi, na hilo ndilo linalolipiwa.

Mambo mengine ambayo zana haitakuambia:

Violezo vingi vimepimwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza. Ukiweka Kiswahili, "Weka nafasi yako sasa" haiingii kwenye kitufe, maneno yanakatika katikati au yanashuka mstari. Punguza maneno au panua kitufe, usiache hivyohivyo.

Kiarabu kinasomwa kulia kwenda kushoto na herufi zake zinashikana. Programu nyingine zinaziachanisha au kuzigeuza. Kadi ya harusi ya Unguja au Mombasa ikianza na Bismillahi iliyovunjika, umemwaibisha mwenye harusi mbele ya ukoo mzima. Mpe anayesoma Kiarabu aitazame kabla haijachapwa.

Kwenye Canva, picha yenye alama ya taji inalipiwa. Na nembo uliyoitengeneza kwa michoro yao iliyo tayari, mteja hawezi kuisajili kama alama yake ya biashara peke yake, maana mchoro uleule unaweza kutumiwa na mtu mwingine yeyote. Mwenye duka la mtaani hatajali. Lakini akikuambia anataka kwenda kusajili BRELA, mwambie ukweli mapema, umchoree nembo mpya kwa maumbo na herufi, au umwelekeze kwa mchoraji.

Hesabu: chombo kinakula dola

Sasa tuje kwenye akiba, maana ndiyo shughuli ya ukurasa huu.

Zana hizi zinakukaribisha bure, halafu zinakuomba kidogokidogo. Tuchukue mfano wa zana ya dola 15 kwa mwezi. Ukiisikia unaona ni bei ya chakula cha siku mbili tatu. Kwa mwaka ni dola 180. Rial moja ya Oman ni kama dola 2.60, kwa hiyo hizo ni rial 69 hivi. Kwa dada anayelipwa rial 80, hiyo ni karibu mshahara wa mwezi mzima umekwenda kwenye zana moja. Kwa dirhamu za Emirati ni 660 hivi. Kwa riyal za Qatar ni 655.

Sisi tulifika mahali tuna zana nne za kulipia na wateja wawili. Kila mwezi hela inakatwa yenyewe kimyakimya, na nyumbani tunawaambia "mwezi huu mambo magumu." Ule ugumu tulijitengenezea wenyewe.

Tukaweka kanuni tatu, na hatujazivunja tena:

Moja. Hatulipii zana mpaka mteja ametanguliza nusu. Fundi wa kawaida hakodi mtambo wa zege kabla hajapata kazi ya kumwaga zege.

Mbili. Hela ya zana inatoka kwenye hela ya zana. Tuna daftari lenye safu tatu: ya nyumbani, ya akiba, ya kazi. Safu ya kazi ikiwa tupu, hatuazimi kwenye safu ya akiba. Tunarudi kwenye toleo la bure.

Tatu. Siku ileile tunapolipia, tunaweka kengele kwenye simu siku kumi kabla ya tarehe ya kukatwa tena. Usitegemee barua pepe ikukumbushe. Sisi ni mashahidi.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Ghuba hawalioni haraka. Rial ya Oman, dirhamu na riyal zimefungwa kwenye dola, kwa hiyo wewe uliye huku bei ya zana huioni ikipanda. Lakini mteja wako Tanga au Kisumu analipa kwa shilingi, na shilingi inapanda na kushuka. Ukimtajia bei moja ya jumla ya "tovuti na kila kitu, milele," mwaka wa pili utalipia kwa mfuko wako. Sisi sasa tunatenganisha: hii ni hela ya kazi ya mikono yetu, mara moja; na hii ni gharama ya kila mwaka ya jina na zana, inayoweza kubadilika, ambayo utailipa wewe mwenyewe moja kwa moja. Na kwa kazi za ndani ya Tanzania andika bei kwa shilingi. Kanuni za mwaka 2025 haziruhusu kutaja bei kwa fedha za kigeni kwa biashara za ndani ya nchi.

Andika kwa jina la mwenye mali

Turudi Pangani. Kosa letu kubwa lilikuwa kufanya kila kitu kwa jina letu: barua pepe yetu, laini yetu, kadi yetu, hata jina la mtandao. Tulidhani tunamrahisishia mama wa watu. Yeye alikuwa ameshachora anwani ile kwenye kibao cha njia panda, na kwenye kadi alizowapa madereva wa bodaboda. Jina lile hatukulipata tena. Ikabidi kuchukua jina jipya, na kibao kupakwa rangi upya.

Alikuwa ametulipa laki tatu. Tulimrudishia laki moja na nusu, tukalipa na kibao. Hakutuomba. Alisema tu, "Mimi nilidhani ni yangu." Neno lile lilituuma kuliko angetutukana.

Sasa tunafanya hivi, na tunakuomba ufanye hivi kutoka kazi ya kwanza:

Barua pepe ya kazi inafunguliwa na mteja, kwa simu yake, kwa namba yake ya nyumbani. Kama hajui, mwelekeze kwa simu, au mwombe mtoto wa jirani aliyemaliza kidato cha nne. Wewe unaalikwa ndani kama fundi, huwi mwenye nyumba.

Jina la mtandao, liwe .co.tz, .co.ke au .com, linasajiliwa kwa jina la mteja, na risiti inabaki kwake.

Kwa akaunti zako mwenyewe, usiache uthibitisho wote kwenye laini ya nchi ya watu. Laini hiyo ni ya kupita, kama wewe. Weka programu ya kuthibitisha kwenye simu, na chapa zile namba za akiba. Google wanakupa 10, kila moja inatumika mara moja. Sisi tumeziandika kwenye karatasi, nakala moja iko na mama mzazi Tanga ndani ya sanduku la hati.

Kabla ya kufunga mkataba na kurudi nyumbani, kaa chini mwezi mmoja kabla, uorodheshe kila akaunti inayotumia namba ya huku: barua pepe, benki, programu za kutuma pesa, WhatsApp. Badilisha moja baada ya nyingine wakati laini bado inapokea ujumbe. Hili linamhusu kila mtu anayesoma hapa, hata kama hutabuni tangazo moja maishani.

Na jua kama kazi inaweza kuhama. Tovuti ya Wix huwezi kuing'oa na kuipeleka kwa mwingine, programu ya Bubble vilevile. Si ubaya, ila mwambie mteja mapema. Nakala ya maandishi yote na picha zote za asili tunamkabidhi kwenye simu yake, ili siku tukifa sisi au likifa jukwaa, aanze upya kwa siku moja.

Karatasi zako zinasemaje

Hapa tunaomba usome taratibu.

Ukiwa Ghuba chini ya mdhamini, kibali chako ni cha kazi moja kwa mwajiri mmoja. Kumfanyia kazi mtu mwingine kwa malipo, au kujifanyia biashara mwenyewe, kunaweza kukufikisha kwenye faini na kurudishwa nyumbani. Usidanganywe kwamba ukifanya kwa simu chumbani usiku haihesabiki. Emirati wana kibali cha watu wanaojitegemea, lakini hicho ni kitu kingine, si viza ya kazi za ndani.

Kwa hiyo fundi wetu wa Doha hajapokea hata senti moja. Anachofanya ni kujifunza. Anatengeneza matangazo ya duka la dada yake Muheza, bure, kama kaka. Anachukua menyu mbaya alizoziona na kuzipanga upya kwa mazoezi. Ana kazi 11 kwenye simu, safi kabisa. Mkataba wake ukiisha anarudi na kitu mkononi ambacho hakikupimwa kilo uwanja wa ndege.

Muscat tulipata mtihani. Waomani wengi wana asili ya Zanzibar na wanaongea Kiswahili vizuri, kwa hiyo madamu mmoja alitusikia tukizungumza kadi za harusi. Akasema, "Nitengenezeeni ya binti yangu, na wifi yangu naye anataka, atawalipa." Ya binti tuliifanya, ndani ya nyumba, kama hisani. Ya wifi tulimwambia kwa adabu, "Samahani mama, kibali chetu hakituruhusu kulipwa na mtu mwingine." Hakukasirika. Angeweza kukasirika, lakini kukasirika kwa madamu kuna mwisho, kufukuzwa nchi hakuna.

Uingereza, mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri. Mwenye viza ya kazi au ya uangalizi wa wazee asome masharti yake kwanza au aulize mshauri aliyeidhinishwa. Mwenzetu wa Leicester anaweza kwa sababu ana ukaazi wa kudumu, na akipata zaidi ya pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi kutokana na kujitegemea, anajiandikisha HMRC. Marekani, mwanafunzi wa F-1 hawezi kuanza tu. Na kwa aliyeruhusiwa, faida ya kujitegemea ikifika dola 400 kwa mwaka lazima atoe taarifa ya kodi.

Na picha za nyumba ya bosi, watoto wake, gari lake, si mali yako. Usizitumie kwenye kazi zako hata kama ni nzuri namna gani. Nchi nyingi za huku ni kosa la sheria.

Anayekulipisha ili akupe kazi

Wanaojifunza zana hizi wanawindwa. Utaona ujumbe: kozi ya siku tatu, dola 50, ukimaliza unapewa wateja wa Ulaya. Au: lipa kwanza kufungua akaunti yako ya kazi, utarudishiwa. Au: fanya vijikazi vidogo, unalipwa kidogo siku mbili za mwanzo, siku ya tatu unaombwa uweke hela yako ili utoe nyingi zaidi. Dada mmoja tunayemfahamu ameacha huko akiba ya miezi mitano.

Mwajiri wa kweli anatoa hela, haombi. Mafunzo ya zana hizi yako bure kwa watengenezaji wenyewe na kwenye YouTube. Kinachokugharimu ni bando na usingizi.

Hela isiyopita kwa wakala

Mwenzetu aliyerudi Tanga ndiye anayepokea kazi sasa. Mteja anatanguliza nusu kwa simu, M-Pesa au mtandao mwingine, nusu ya pili kabla ya kukabidhiwa. Si hela nyingi. Kuna mwezi wa kadi sita za harusi na mwezi wa sifuri, hasa Ramadhani ikiingia, watu wengi hawaoi. Lakini ada ya shule ya mdogo wake wa mwisho, ambayo zamani sisi wawili tuliokuwa kazi za ndani tulikuwa tukiichangia kutoka Muscat, sasa inatoka palepale Tanga.

Tukaketi tukapiga hesabu. Shilingi inayopatikana nyumbani haikatwi ada ya kutuma, haipunguzwi na bei ya kubadilisha fedha, haingoji mshahara uliocheleweshwa. Kwa familia inayotutegemea, elfu hamsini iliyopatikana Tanga ni kubwa kuliko elfu hamsini iliyotoka huku. Ndiyo maana tunasema: kama huruhusiwi kulipwa huku, mfundishe aliye nyumbani. Mdogo wako mwenye simu, aliyemaliza shule na anakaa kibarazani. Badala ya kumtumia hela ya matumizi peke yake, mtumie bando la miezi mitatu na kazi ya kufanya kila wiki.

Sisi tungeanza hivi. Mwezi wa kwanza, Canva ya bure tu: kila wiki tangazo moja la biashara ya mtu mnayemjua, mmpelekee, msikie anasemaje. Mwezi wa pili, ukurasa mmoja kwa Google Sites, wa fundi cherehani au mama lishe, bila malipo, kwa barua pepe yake mwenyewe. Mwezi wa tatu, mteja wa kwanza wa kulipa, aliyetanguliza nusu, na makubaliano ya mistari mitano kwenye WhatsApp: tunafanya nini, lini, kwa bei gani, marekebisho mangapi, na gharama ya mwaka inalipwa na nani. Ikifika mwezi wa sita hakuna aliyelipa, simameni, muulizane. Pengine kazi bado haijaiva, pengine soko la hapo ni la kadi na si tovuti. Hamjapoteza akiba, mmepoteza muda tu.

Yule mama wa Pangani bado ni mteja wetu. Mwezi uliopita alipiga, si kulalamika. Alitaka kuongeza picha ya chumba kipya. Tukamwambia atutumie. Akacheka: "Nimeshaiweka mwenyewe wanangu. Nataka tu mnitazamie kama imekaa sawa."

Ilikuwa imekaa sawa. Hatukumtoza.